"Baridi au ya moto?" ni swali lisilotosha

Ukiketi katika baa yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi, jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama bia yako iwe baridi au ya moto, na kila mnywaji anajua kwamba "ya moto" ni ile iliyokaa rafuni bila kuonja friji. Kwa lager za viwanda vikubwa swali hilo linatosha. Kwa stout, bia za ngano na bia chungu zinazopikwa sasa na viwanda vidogo, naona linatupotezea nusu ya tulichokilipia.

Tofauti huanzia kwenye hamira. Lager huchachushwa taratibu katika nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, kisha hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na sifuri, ndiyo maana ladha yake huwa nyepesi na safi. Ale, jamii ya bia ambamo stout na bia za ngano zimo, huchachushwa katika nyuzi 18 hadi 22, ambapo hamira hufanya kazi kwa haraka na kuacha nyuma harufu za matunda. Bia ya ngano ya Bavaria hunukia ndizi mbivu na karafuu ilhali humo hamna ndizi wala karafuu. Ni hamira tu. (Mchaga aliyelelewa na mbege, ambayo ndizi zake ni za kweli, ana haki ya kucheka.) Maua ya hopsi nayo, yakichemshwa kwa saa nzima hutoa uchungu, lakini yakitiwa mwishoni, au hata baada ya bia kupoa, hutoa harufu.

Harufu zote hizo hujifungia bia inapokuwa baridi mno, na ulimi wenyewe huingia ganzi. Nilijaribu nyumbani kwa chupa mbili za stout ya aina moja: ya kwanza niliinywa ilipotoka tu kwenye friji, na ya pili niliiacha mezani dakika ishirini. Ya kwanza ilikuwa chungu na basi. Katika ya pili nilipata kahawa iliyokaangwa na chokoleti nyeusi. Waingereza huuza ale zao za pipa katika nyuzi 11 hadi 13, na wageni huwacheka bure. Kwa hiyo mzee anayeagiza stout ya moto hajakosea sana, isipokuwa rafu ya Dar es Salaam hufika nyuzi 30, na hapo pombe hufunika kila kitu.

Uhudumu unaweza pia kuharibu kilichopikwa vizuri. Bilauri yenye mabaki ya mafuta au sabuni huua povu, na povu ndilo linalobeba harufu hadi puani. Chupa ya kijani iliyoanikwa juani huanza kunuka vibaya kwa muda mfupi, kwa kuwa mwanga huvunja viungo vya hopsi. Chupa ya kahawia huikinga zaidi. Mirija michafu ya bomba ni mbaya kuliko yote. Katika baa moja niliwahi kupewa ale iliyonukia siagi, nami nikamlaumu mpishi wake kwa miezi kadhaa, hadi nilipoinywa bia hiyo hiyo kwenye chupa.

Siku hizi huagiza iliyo baridi pamoja na bilauri kavu isiyotoka kwenye friza, kisha nangoja. Wahudumu wengine hurudi kuuliza kama bia ina kasoro.