Mlipa Kodi Asiyejua Kufunga Kamba za Viatu

Maji ya mfereji hatuyaoni na nauli hupanda kila wingu likitanda, lakini hayo tumeyazoea. La leo ni bahasha kutoka Marekani, yenye jina la mpwa wangu wa miaka saba, ambaye marehemu babake alifanya kazi huko na kukatwa fedha za hifadhi ya jamii. Ndani mna fomu SSA-1099, inayoonyesha mafao ya manusura, yaani malipo ya aliyefiwa na mzazi, aliyopokea mtoto mwaka uliopita.

Dada akaniomba nimpeleke kwa bwana mmoja wa saiba, duka la intaneti, pale Mwembe Tayari, Mombasa, anayejinadi kwamba hujaza kodi za nchi zote.

“Mlipa kodi ni nani?” akauliza.

Nikamwonyesha, kwa heshima zote, bwana mdogo aliyekuwa akimumunya ubuyu, vidole vimemwiva wekundu.

“Kazi yake?”

“Mwanafunzi wa gredi ya pili.”

“Basi pesa hizi ni za mamake,” akahukumu, “maana zinaingia katika akaunti yake.”

Nikamweleza, kwa upole unaowastahili watu wazima, kwamba mama ni mpokeaji kwa niaba tu. Fao ni la mtoto na kodi yake huangaliwa kwa jina la mtoto, hata kama hundi imepitia mikono ya mama. Akasema hajapata kuona mtoto mwenye mapato. Nikamwambia achukue nusu ya mafao, aongeze mapato mengine, ambayo huyu hana, na jumla isipozidi dola 25,000 hapatozwi hata senti. Kiwango hicho, nikaongeza kwa fahari nisiyojua inatoka wapi, hakijabadilishwa tangu 1984. Akabonyeza kikokotoo, akakunja uso, akasema jumla ni ndogo mno, afadhali tumwandikie mtoto kibiashara cha kubuni ili fomu ipendeze.

Kibiashara! Cha nini, cha ubuyu? Kwani mtu akisamehewa kodi ni lazima aitafute kwa tochi? Nikapaza sauti hadi waliokuwa wakipiga chapa barua zao wakageuka, na yule bwana, bila haya, akanidai ada ya ushauri.

Tena mtoto alikuwa amesikia yote. Njia nzima hadi Majengo akawa anauliza pesa zake ziko wapi. Nikamfafanulia kwamba mama hutakiwa kuzitumia kwa chakula, mavazi na mahitaji yake mengine, mpaka atimize miaka 18, au 19 ikiwa bado yuko sekondari. Akasimama mbele ya muuza viazi vya karai.

“Mjomba, hivi si chakula?”