Familia imepata saba, ila haijui kitu

Kuna dodoso moja watafiti wanaofanya kazi na WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) wanalipenda sana, linaitwa MSPSS, linapima mtu anavyojiona anaungwa mkono kiasi gani na watu wake. Lilitungwa na Zimet na wenzake 1988, wakalijaribu kwa wanafunzi 275 wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani. Maswali 12 tu, manne ya familia, manne ya marafiki, manne ya "mtu maalum", kila moja unachagua kuanzia 1 (sikubali kabisa) mpaka 7 (nakubali kabisa), afu inatafutwa wastani, ukiwa chini ya 3 sapoti yako ndogo, ukivuka 5 uko vizuri.

Mi nilishawahi kulishika, nilikuwa mkusanya data kwenye CTC moja (kliniki ya tiba na matunzo ya WAVIU) miaka ya nyuma, na lililonitoa jasho ni hilo la mtu maalum. Unamuuliza mama wa miaka hamsini na kitu, "kuna mtu maalum ambaye yuko karibu nawe ukiwa na shida?", anakuangalia weee, anacheka, "mwanangu, umri huu mchepuko wa nini?" Na zile ngazi saba nazo, wengi wana ndio na hapana tu, huko katikati wanakwambia jaza wewe unavyoona.

Ila kilichonikaa kichwani ni kingine. Mama huyohuyo kwenye familia alitoa saba zote nne. Wanajitahidi kunisaidia, saba. Naweza kuongea nao matatizo yangu, saba. Tumemaliza, kashachukua dawa zake za miezi mitatu, natoka nje namkuta kwenye benchi anamimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, mfuko anauviringisha ndani ya kitenge, kopo anatupa palepale kliniki. Nikamuuliza, mama mbona hivyo? Akasema kopo linalia kwenye pochi, na nyumbani hakuna anayejua.

Sasa hapo alinidanganya? Mi naona hapana. Watoto wake wanamlipia kodi, akiugua presha wanampeleka hospitali, anajiona ana watu, na dodoso liliuliza anavyojiona. Wanaolitetea wana hoja nzito hapa. Watafiti Cohen na Wills waliandika 1985 kwamba ile kujua tu una pa kuegemea ndo inamkinga mtu na msongo, hata kama hajawahi kuomba chochote. Na kinyume chake kipo, mtu analetewa unga na ndugu kila wiki na bado anajiona yuko peke yake duniani, huyo kwa macho humjui mpaka umuulize. Bila maksi mshauri nasaha anaandika "anaendelea vizuri" kwenye faili, siku zinaenda.

Lakini saba ya kodi sio saba ya dawa, hapa ndo napogombana na lile dodoso. Akilazwa ghafla nani atajua dawa ziko ndani ya kitenge? Akienda msibani wiki mbili anamezea wapi? Halafu kulikuwa na baba mmoja alipata maksi za chini kote, wakati mwenzake wa kikundi cha kliniki ndo anamchukulia dawa akiwa safari, na mwenzake huyo hakumhesabu kama rafiki, alisema "yule ni mwenzangu wa hapa". Familia, marafiki, mtu maalum, wenzangu wa hapa hawana chumba. Na usisahau anayeuliza kakaa chumba jirani na nesi anayegawa dawa, nani atasema ovyo?

Kuna atakayesema mbona dawa zinafanya kazi, utafiti wa kitaifa Tanzania wa 2022-2023 ulikuta kama asilimia 94 ya watu wazima walio kwenye tiba virusi vimefubaa, sapoti ya nini tena. Sawa, na yule mama huenda yumo humo kwenye 94. Ila kufubaza virusi huku unaficha kopo miaka yote ni kazi, na kazi hiyo haionekani kwenye maksi za damu wala za dodoso.

Kwa hiyo silitupi. Ningeweka swali moja mbele kabisa, nani anajua?, afu maksi za familia zisomwe pamoja na jibu hilo, zisichanganywe kwenye wastani mmoja na zingine. Na mtu maalum awe "mtu wako wa karibu kuliko wote, awe yeyote". Tatizo najua liko wapi, mtu akijibu hakuna, wahudumu wetu wataanza kumsukuma akawaambie, na kuna nyumba ukisema tu asubuhi unakuta begi lako liko nje. Swali hilo liulizwe, liandikwe, liachwe hapo mpaka mwenyewe alirudie.