Mzee wa miaka 20

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama. Baba analea, analisha na kusomesha, lakini likija jambo zito la mtoto anaitwa mjomba. Ndiyo maana dada yangu alipopigiwa simu na mwanawe aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, kwamba amebatizwa kwa Wamormoni na sasa anataka kwenda misheni miaka miwili, hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia, "Ongea na mjomba wako."

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Mimi ni Mwislamu, mama yetu ni Mwislamu, shemeji yangu ni Mkatoliki wa Ndanda, na mpwa wangu alibatizwa huko huko Ndanda akiwa mchanga. Nyumba za namna hii ni nyingi hapa Mtwara, na Idi na Krismasi tunakula sinia moja. Kwa hiyo dini haikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni hesabu nyingine: kijana wa miaka 20, kifungua mimba wa mama yake, miaka hiyo miwili inampa nini na inamnyang'anya nini?

Kwa asiyewafahamu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilianzishwa na Joseph Smith huko New York mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba watu watumie jina hilo kamili na kuacha la Wamormoni, ingawa mtaani bado ndilo linalotamkwa. Wana wamisionari zaidi ya 70,000 duniani, na wengi wao ni vijana wadogo. Mvulana hutumikia miaka miwili, msichana miezi 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka 19 hadi 18 na wasichana, kwa wakati huo, kutoka 21 hadi 19. Pa kwenda huchagui. Unajaza fomu, askofu anakuhoji, daktari anakupima, hata meno yanakaguliwa, kisha unangoja barua. Barua ya mpwa wangu ilisema Uganda.

Maisha yenyewe yamepangwa kwa saa. Kuamka ni saa 12 na nusu asubuhi, kulala saa 4 na nusu usiku. Asubuhi ni sala na kusoma, peke yako na kisha pamoja na mwenzako, halafu mnatoka kwa miguu, shati jeupe, tai na kibao cheusi chenye jina kifuani. Mwenza hujamchagua na hamwachani; mnakula pamoja, mnagonga milango pamoja, mnalala chumba kimoja, hadi mmoja wenu ahamishwe. Uhamisho hupangwa kila baada ya wiki sita hivi. Hakuna mchumba, hakuna sinema, hakuna kwenda disko. Siku moja katika wiki ni ya kufua, kwenda sokoni na kuwasiliana na nyumbani. Hadi Februari 2019 simu ya nyumbani iliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, na siku nyingine zote ni barua pepe. Sasa ni kila wiki. Badiliko hilo ninalihesabu kuwa kubwa, nitaeleza kwa nini.

Alikuja kutuaga siku nne kabla ya safari. Alfajiri ya kwanza mama yangu alimwekea chai ya rangi kama alivyomwekea miaka yote, na yeye akasukuma kikombe taratibu kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Bibi, chai na kahawa sinywi tena." Bibi alikitazama kile kikombe kwa muda. Kisha akauliza, "Na mchaichai?" Akajibiwa kwamba mchaichai haukatazwi. Akainuka, na miguu yake ile mibovu, akaenda nyuma ya jiko kuung'oa. Siku zote nne alimchemshia mchaichai. Mimi ambaye nimeona vijana wangapi mtaani kwetu wakimalizwa na uraka na gongo ya mabibo kila msimu wa korosho, sikuona cha kulaumu katika katazo hilo, maana linagusa na pombe.

Kilichomgusa bibi ni kile kibao. Katika Kiswahili cha Kanisa lao mmisionari wa kiume anaitwa Mzee. Mzee, kisha jina la ukoo. Mama yangu hakupenda. "Amepewa jina kabla ya kazi," alisema. Nilimwelewa, maana uzee kwetu unafikiwa kwa mazishi uliyosimamia na ugomvi uliosuluhisha. Lakini nilikumbuka pia kwamba mimi mwenyewe nilitoka kumbini, yaani jandoni, na jina jingine, nikiwa mdogo kuliko huyu, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita kwa jina hilo.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona misheni kwa jicho la jando. Kijana anatengwa na mama yake, anavishwa tofauti, anakatazwa vyakula fulani, anafundishwa maneno, anavumilia, kisha anarudi mtu mwingine. Sisi watu wa kusini hatuwezi kusema kitu cha namna hiyo ni kigeni. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, Mwanglikana, aliliona hilo karne iliyopita, akaliingiza jando ndani ya Kanisa badala ya kulipiga vita. Na Waislamu wenzangu wa tablighi hutoka siku 3, siku 40, hata miezi minne, wanabeba godoro na sufuria, wanalala misikitini na kugonga milango ya Waislamu wenzao kuwakumbusha sala. Anayesema kijana wa Kimormoni amerogwa kwa sababu anatembea juani akihubiri, aniambie kwanza atawasema vipi hao.

Faida nimeziona kwa macho. Kijana huyu alikuwa hapiki, sasa anapika. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani. Sasa anakiongea kutwa, na Kiganda anakijaribu. Kufungiwa mlango usoni mara kumi na bado ukamwamkia wa kumi na moja kwa heshima ni shule, na mtu wa biashara au wa siasa angelipa kuipata.

Sasa upande wa pili, na huu ndio uliochukua usiku wangu mwingi.

Aliondoka Juni, mwezi ambao mikorosho inaanza kupuliziwa salfa. Shamba letu la Nanyamba lilikuwa likimtegemea. Dada yangu amelipa vibarua msimu mzima kwa kazi iliyokuwa ya mwanawe, na msimu ujao atalipa tena. Vijana wa Marekani wanaokwenda misheni huchangiwa na familia zao mamia ya dola kila mwezi. Kwa anayetoka nyumba kama yetu, anatoa anachoweza na mfuko wa Kanisa unajazia. Ni utaratibu wa haki kwa upande wa fedha taslimu. Lakini mikono iliyoondoka shambani haijaziwi na mfuko wowote.

La rangi nalo lazima lisemwe. Hadi Juni 1978 mwanamume mwenye asili ya Afrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika Kanisa hili. Mwaka 2013 Kanisa lenyewe lilichapisha maelezo likizikana nadharia zilizokuwa zikitumika kuhalalisha katazo hilo. Nilimuuliza mpwa wangu kama anajua. Alijua, na alinijibu kwamba yeye amezaliwa baada ya hapo. Jibu hilo halikunitosha, ila nilifarijika kwamba hakufichwa.

Zito kuliko yote ni aibu ya kurudi. Kwa kijana wa kiume mwenye afya, Kanisa lao linaitaja misheni kuwa wajibu. Kwa msichana ni hiari. Mahali waliko wengi, hasa Utah, kijana aliyerudi nyumbani kabla ya muda hutazamwa kwa maswali, na wapo wanaoibeba aibu hiyo miaka mingi, hata kama kilichowarudisha ni ugonjwa au moyo uliochoka. Kanisa limeweka misheni za huduma za nyumbani kwa wasioweza kuendelea, na hilo ni jema. Lakini macho ya watu hayabadiliki kwa waraka.

Mtu ataniambia: hata jandoni hakuna kutoka katikati. Kweli. Ya kumbini hayasemwi nje, nami sitayasema, ila nitasema hili moja: usiku wa tatu nilitaka kukimbia. Sikukimbia kwa sababu mjomba wangu alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipolala, akichochea moto, na nilimsikia akikohoa. Mpwa wangu yuko Uganda na mwenza wa rika lake. Yuko rais wa misheni na mkewe, watu wazima wanaokaa hapo miaka mitatu, lakini vijana walio chini yao ni wengi mno kwa mtu mmoja kusikia kila anayejigeuza usiku. Kumbi la miaka miwili lisilo na mjomba karibu: hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu tu. Ndiyo maana simu ya kila wiki naiona kubwa kuliko mambo mengi waliyoyabadilisha.

Kuna na hili la kuhamahama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipoleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Masasi, alikuwa na mmisionari kijana wa miaka 22, William Percival Johnson. Johnson huyo hakurudi kwao baada ya miaka miwili. Alihudumu Nyasa hadi alipofariki mwaka 1928. Watawa Wabenediktini wa Ndanda wamezeeka hapa na hospitali yao tunaijua sote, na Mkapa alipita shuleni kwao. Kijana anayehamishwa baada ya miezi michache atajifunza majina ya watoto wa mtaa, kisha ataondoka kabla hajawajua. Anayefaidika zaidi na safari hiyo ni yeye mwenyewe kuliko waliomfungulia mlango. Mimi kama mjomba nimelipokea hilo, lakini sidhani waliomfungulia mlango walielezwa hivyo.

Nilimruhusu. Nilimwambia mambo machache, na moja nililirudia: nauli ya kutoka Kampala hadi Mtwara nimeitenga, iko kwangu, haiguswi kwa harusi wala msiba. Siku akiitaka, apige simu kwangu kabla ya kumpigia mama yake, na hapa nyumbani hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Jumatatu iliyopita alipiga. Mwenzake alikuwa na malaria, siku tatu hawakutoka, alikuwa akimpikia uji. Aliniuliza kama salfa imeshamalizika na kama mikorosho ya bondeni imetoa maua. Nikamwambia imetoa. Bibi akaja kwenye simu, akamuuliza kama mchaichai unapatikana huko. Alipomaliza nikauchukua mkono wa simu tena, nikamuuliza kama niendelee kuitunza ile nauli au niinunulie mbolea.

Alikaa kimya kidogo.

"Itunze, mjomba," akasema.