Tokeni ya dakika 15 haifai mwaloni Kibirizi

Kama unatengeneza mfumo wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa hapa Kigoma, API yako, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuongea na seva, ijitegemee. Tovuti ya mhasibu, programu ya simu ya mchuuzi na menyu ya USSD ya mwenye kitochi, zote zizungumze na API hiyo hiyo. Hilo sidhani kama lina ubishi siku hizi. Ubishi wangu uko kwenye tokeni, ule mfuatano wa herufi ambao kifaa huionyesha seva kwa kila ombi badala ya neno la siri.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yatakwambia utumie JWT (JSON Web Token) na uiwekee uhai wa dakika 15. JWT, ambayo kiwango chake RFC 7519 kilitoka Mei 2015, ni vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta: kichwa, madai (taarifa kuhusu mtumiaji) na saini. Uzuri wake ni kwamba seva inaikagua kwa saini tu, bila kugusa hifadhidata. Ni kama zile namba 20 za LUKU: mita haimuulizi mtu, inazikokotoa yenyewe na umeme unaingia. Ukiwa na seva nyingi zilizotawanyika, faida hiyo ni kubwa. Lakini mfumo wa mwalo mmoja, seva moja ya kukodi, watumiaji wanaoenea ukumbi wa shule? Kutafuta mstari mmoja kwenye jedwali lenye faharasa ni kufumba na kufumbua. Unaokoa nini?

Unachopoteza ni uwezo wa kuifuta. Simu hudondoka ziwani, huuzwa, huwekwa rehani, hurithishwa mdogo wa mtu. Mama wa mwaloni akija na kusema, "Mwanangu, simu yangu wameiiba Ujiji," nataka nifute mstari mmoja, mwizi abaki na kioo chake. JWT iliyokwisha kutolewa hairudi mpaka muda wake uishe, labda uweke orodha ya zilizofungiwa, na ukishaiweka umerudi kwenye hifadhidata uliyoikimbia. Tena yale madai hayakufichwa. Yeyote mwenye tokeni anayasoma, na bado kuna wanaopakia humo namba za simu za watu.

Ndiyo maana natumia tokeni ya kawaida: baiti 32 za nasibu, mstari mmoja kwa kila kifaa, na kwenye hifadhidata inabaki heshi yake ya SHA-256 tu, yaani alama ambayo huwezi kuirudisha kuwa tokeni. Neno la siri ni habari nyingine. Hilo lipite bcrypt au Argon2, heshi za polepole kwa makusudi, kwa sababu maneno ya watu yanakisika, nasibu ya baiti 32 haikisiki.

Sasa muda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na ukishaingia ziwani mtandao unakuaga mapema. Programu inatakiwa iandike mzigo kwenye foleni, iitume boti likikaribia ufukwe. Hapo ndipo dakika 15 zinapoleta balaa. Tokeni imeshakwisha muda, seva inajibu kwa msimbo 401, programu inamtupa mtu kwenye ukurasa wa kuingia, na kama imeandikwa ovyo, foleni nzima inafutika. Alfajiri, mikono ina magamba, wanunuzi wanapiga kelele: nani akumbuke neno la siri? Kesho yake atarudi kwenye daftari, na hutamwona tena. 401 inasema tu "sijakutambua". Haijasema popote "futa kazi ya usiku kucha".

Wengine watanijibu: tumia tokeni mbili, fupi ya kuingilia na ndefu ya kuhuisha, na hiyo ndefu ibadilishwe kila inapotumika. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye mtandao wa kusuasua, huko kusini kuelekea Kalya, mambo huenda hivi: simu inaomba, seva inafuta tokeni ya zamani na kutoa mpya, jibu linapotea njiani. Simu, haina habari, inaleta ile ya zamani. Seva inaamua huyu ni mwizi, inafunga kila kitu. Kumbe mwizi ni mnara! Ukilazimika kufuata mpango huo, iache ya zamani ikubalike kwa dakika kadhaa.

Yangu huishi siku 40 tangu ilipotumika mara ya mwisho. Wakati wa mbalamwezi taa haivuti dagaa, watu wanashona nyavu na programu haifunguliwi. Tokeni ya siku 7 ingefia hapo karibu kila mwezi. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, zote zinakufa, na hilo nalitaka. Miezi mitatu inatosha simu kubadilisha mikono, kwa hiyo anayerudi aingie upya.

Na weka ukurasa wa vifaa vyote vilivyoingia, wenye kitufe cha kuviondoa. Mchuuzi aiondoe simu yake ya zamani mwenyewe, badala ya kukupigia saa tisa usiku.