Dawa ya moto ni moto, lakini nani ashike kiberiti?

Ubishi wa kama msitu uchomwe kwa makusudi, kwa moto mdogo unaopunguza kuni za moto mkubwa, au usichomwe, umeanza kupoa miongoni mwa wataalamu. Uliobaki ni ubishi wa nani afundishwe kuuchoma, afundishwe wapi, na akabidhiwe kiberiti lini. Hapo ndipo watu wenye elimu ileile na nia ileile njema wanapogawanyika, na kila upande una hoja nzito.

Chanzo cha ubishi huu kinajulikana. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ilipitisha kanuni kwamba kila moto ulioripotiwa uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kanuni hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Misonobari aina ya ponderosa, iliyozoea kupitiwa na moto mdogo wa chini kila baada ya miaka michache, ikazungukwa na miti michanga iliyosongamana, na moto ukapata pa kupandia hadi vileleni. Watu huizungumzia sana hasara hiyo. Hasara ya pili haitajwi mara nyingi: waliojua kuchoma nao walitoweka. Jamii za kaskazini mwa California kama Wakaruk na Wayurok, waliokuwa wakichoma misitu yao kwa vizazi, walizuiwa, na mabwana misitu wakafundishwa kuzima tu. Kwa hiyo sayansi ilipobadili kauli, ilikuta maelfu ya watu wanaojua kuukimbiza moto na wachache mno wanaojua kuutembeza.

Upande mmoja unasema fungua mlango. Mfano wao wa kwanza huwa Florida, na wana haki ya kuutumia. Jimbo hilo huchoma kwa mpango takribani ekari milioni 2 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya watu binafsi. Sheria yake ya mwaka 1990 iliweka cheti ambacho hata mwenye shamba anaweza kukipata: anasoma, anafanya mtihani, kisha anaonyesha kwamba ameongoza uchomaji kweli. Akifuata masharti, moto ukimponyoka hashitakiwi hivi hivi. Lazima uthibitishwe uzembe uliokithiri. California ilichukua njia inayofanana kuanzia Januari 2022, ikapunguza hofu ya mchomaji mwenye sifa kudaiwa gharama za kuzima, na ikawatambua pia wachomaji wa jadi. Huko Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, Waaborijini wamekuwa wakichoma vipande vipande mwanzoni mwa kiangazi chini ya mradi uliorasmishwa mwaka 2006, ili moto mkali wa mwishoni mwa kiangazi ukose cha kula. Ujuzi wao wa msingi haukutoka darasani. Ukiwaambia wakasome kwanza ndipo waguse majani, utakuwa umewakata walimu wenyewe.

Upande wa pili unasema polepole, na una majivu ya kuonyesha. Mei 2000 moto uliowashwa kwa mpango katika hifadhi ya Bandelier, New Mexico, ulitoroka ukaingia mji wa Los Alamos na kuteketeza nyumba zaidi ya 200. Mwaka 2022, katika jimbo hilohilo, mioto miwili ya Idara ya Misitu ilitoroka, ikaungana, na ikaunguza ekari zaidi ya 341,000, moto mkubwa kuliko wowote katika historia ya jimbo. Idara ikasimamisha uchomaji wote wa mpango kwa siku 90. Mkuu wake alisema wakati huo kwamba asilimia 99.84 ya mioto ya namna hii huenda kama ilivyopangwa. Takwimu hiyo inatuliza mpaka ukumbuke kwamba idara huwasha mioto kama 4,500 kwa mwaka: inayobaki ni mioto saba hivi inayotoroka kila mwaka, na mmoja tu unatosha kumaliza vijiji. Sasa, wanauliza, ikiwa waliosoma miaka yote hiyo wameshindwa, mwenye cheti cha juma moja ataweza?

Swali hilo lina nguvu, ila linaficha jambo. Mioto yote hiyo iliwashwa na wenye vyeti, na mipango iliyotiwa saini. Ushahidi huo, ukiutazama vizuri, haumshitaki mkulima wa Florida hata kidogo. Unashitaki aina ya mafunzo waliyopata wataalamu, na ndiyo maana inafaa kuangalia ni wapi hasa mambo yaliharibika.

Mmoja wa mioto ile miwili ya 2022 ulitoka kwenye malundo ya matawi yaliyochomwa Januari huko Calf Canyon. Malundo yaliwaka, yakaonekana yamezima, theluji ikaanguka mara tatu juu yake. Chini, kwenye mboji na mizizi, makaa yaliendelea kujikalia. Aprili pepo zikaja, na moto ukatoka. Walioyawasha malundo hawakukosea kuwasha. Hatari ilikaa katika wiki zilizofuata, na hapo ndipo mafunzo mengi huwa yameshafunga daftari. Moto wa pili uliwashwa tarehe 6 Aprili na kutoroka siku hiyohiyo. Uchunguzi wa idara yenyewe ulionyesha kwamba nyika ilikuwa kavu kuliko wapangaji walivyodhani, na kwamba timu ilikuwa na shinikizo la kukamilisha kazi kwa kuwa siku zinazofaa ni chache. Walijua jinsi ya kuwasha. Kilichopungua ni jicho la kuisoma siku yenyewe, na ubavu wa kusema leo hatuchomi.

Je, mambo hayo yanafundishika? Kwa kiasi fulani, darasani ndiyo. Programu nyingi za kukadiria mwendo wa moto bado zinasimama juu ya milinganyo ya mtafiti wa moto Richard Rothermel ya mwaka 1972, iliyotokana kwa kiasi kikubwa na majaribio ya maabara ya Missoula, Montana, ambako vitanda vya vijiti na majani makavu vilichomwa ndani ya handaki la kupulizia upepo. Mwanafunzi anayeielewa atajua kwa nini unyevu wa majani membamba hubadilika ndani ya saa chache huku gogo likichukua wiki, na kwa nini moto unaopanda mlima hukimbia kuliko unaoshuka. Kozi za mtandaoni hufanya kazi hiyo vizuri na kwa gharama ndogo, na nadhani wanaozidharau wanadharau kitu kisichostahili. Lakini milinganyo ile ni ya moto unaotambaa chini. Cheche inayorushwa na upepo ikaangukia ng'ambo ya mkanda wa kuzuia moto haimo ndani yake.

Uwanjani mambo huenda hivi. Kabla ya kuwasha eneo zima huwashwa moto mdogo wa majaribio pembeni. Mtu mmoja anazungusha hewani kipimajoto chenye utambi uliolowa, anasoma unyevu, analinganisha na viwango vya mpango. Wengine wanatazama moshi unalala upande gani. Unyevu ukishuka chini ya kiwango, makopo ya mafuta ya kuwashia moto yanafungwa na watu wanarudi nyumbani, hata kama magari kumi yamesafiri tangu alfajiri. Mwanafunzi aliyeshuhudia kiongozi wake akiahirisha kazi namna hiyo amepata somo ambalo hakuna video inayolitoa.

Ndiyo maana kituo cha mafunzo cha Tallahassee, Florida, kilichoanza mwaka 1998, huwachukua watu karibu wiki tatu na kuwapeleka kutoka shamba hadi shamba wakichoma. Mafunzo ya TREX, yaliyoanzishwa mwaka 2008 na shirika la The Nature Conservancy, huchanganya wazima moto, wenye mashamba, wanafunzi na wenyeji kwenye kikosi kimoja. Huko Catalonia, Hispania, kikosi maalumu cha zimamoto kiitwacho GRAF hutumia uchomaji wa mpango kama darasa la kuzima pia, maana moto unaoweza kusimama kando yake ukautazama hukufundisha usichoweza kujifunza ukiwa unaukimbia. Baada ya balaa la 2022, Idara ya Misitu nayo ilipendekeza mafunzo kama ya Tallahassee kwa majimbo ya magharibi. Pendekezo zuri, ingawa misitu ya milima mikavu haisamehi kama mbuga za misonobari za kusini, na anayehamisha mtaala bila kuhamisha tahadhari atajuta.

Kwangu mimi, kosa la pande zote mbili ni kuufanya ujuzi huu kitu kimoja, unaokuwa nao wote au huna kabisa. Kushika kopo la mafuta na kutembea sambamba na mwenzako kunafundishika kwa siku chache, na sioni sababu ya kumnyima mwanakijiji nafasi hiyo akiwa chini ya macho ya anayejua. Kuchagua siku ni kazi nyingine. Hiyo inahitaji miaka, na sioni haya kuunga mkono masharti makali hapo, pamoja na kwamba yatapunguza ekari zitakazochomwa mwanzoni. Kwenye ardhi ya jadi, mzee anayeijua nyika yake awe mmoja wa waamuzi, si mgeni wa heshima wa kufungua warsha.

Kuna kazi ya tatu, ambayo vyeti vingi huipitia juu juu: kukagua baadaye. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri. Unapita mita kwa mita, unaleta mgongo wa kiganja karibu na majivu kusikiliza joto, unafukua penye shaka, unarudi tena upepo ukibadilika. Taasisi ikipimwa kwa hekta zilizochomwa, siku hizo hazina fungu. Ningeanzia hapo: mwanafunzi aliyewasha Januari awe ndiye anayerudi Machi na Aprili kupekua, alipwe kwa siku hizo, na zihesabiwe kwenye cheti chake sawasawa na siku za kuwasha.