Tela la Tone na Pilau ya Tongoni

Sijui nani aliyeanza kusema kwamba nilikuwa naunda jeneza, lakini nina mtu wangu ninayemshuku, na anauza maandazi.

Nilichokuwa naunda ni tela la kulalia. Huko Marekani watu walianza kuyaunda miaka ya 1930, wenyewe, majumbani kwao, na mpaka leo hawajaacha. Ni kijumba chenye umbo la tone la maji: mbele kimevimba, nyuma kimeteremka, chini magurudumu mawili, na gari dogo linatosha kukivuta. Ndani ni godoro tu. Jiko liko nyuma, kwa nje. Unainua kifuniko, unawasha stovu, unapika umesimama. Hakuna choo, hakuna sebule, hakuna pa kumlaza mgeni, na hilo la mwisho ndilo lililonikamata moyo. Mimi hupenda kwenda kuvua Pangani na Ushongo. Vyumba vya ufukweni si vya mfuko wangu, na ukifikia kwa ndugu unalazwa mkekani pamoja na watoto wa watu, wanaokupiga mateke hadi adhana ya alfajiri.

Mke wangu hakushawishika. "Weye una nyumba ya bati na saruji, waenda kulala ndani ya tone?"

Nikampa hesabu. Plaiwudi inauzwa futi 4 kwa 8, huku kama kule, ndiyo maana matela haya mengi hufuata kipimo hicho: sakafu inakuwa ubao mmoja usioguswa na msumeno. Kwa hiyo fremu yangu ni futi 8 kwa 4. Bomba la mraba linaitwa la futi 20. Bomba la kwanza: mbavu mbili za futi 8 na mtambuko mmoja wa futi 4, jumla 20, halibaki hata kipande cha kufungia mlango wa kuku. Bomba la pili: mitambuko mitatu, na futi 8 zinazobaki ndizo mkono wa kuvutia. Mabomba mawili, fremu nzima. Nilijisikia raha nikaanza kuwaonyesha watu kile kikaratasi.

Fundi akalipima bomba la kwanza. Mita 5.8. Hiyo ni futi 19.

"Si la futi 20 hili?" nikauliza.

"Futi 20 ni jina lake," akasema, "kama vile jirani yako aitwavyo Tajiri."

Fundi mwenyewe anafanyia kazi chini ya mwembe, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Barabara sitaitaja, kwa kuwa barabara zetu zina namba na ungempata kabla chai haijapoa. Mashine yake ya kuchomelea aliisuka kwa mkono wake, na kila alipogusisha kijiti kwenye chuma, taa za nusu ya mtaa zilikonyeza. Siku moja timu yetu, Coastal Union, walikuwa kwenye televisheni. Wagosi wa Kaya wakapata kona, fundi akapiga cheche, picha ikakatika. Iliporudi, waliokuwa wakishangilia ni wale wengine. Wazee watatu walitoka nje na vikombe vya kahawa mkononi, wakasimama mbele yetu bila kusema neno. Tangu hapo tukawa tunachomelea kwa kufuata ratiba ya ligi.

Bomba nililonunua lilikuwa jembamba, unene wa milimita 1.5, maana la milimita 3 bei yake ilinitoa jasho. Fundi alizoea mageti na grili. Alitoboa tundu, akalijaza. Alipokuwa akilijaza, akatoboa jingine pembeni. Pembe ya kushoto nyuma, nina hakika, ina vijiti vingi kuliko bomba. Halafu ikaja habari ya moto kuvuta chuma. Fremu hushikizwa kwanza kwa nukta nukta kwenye pembe zote, hupimwa kona kwa kona, ndipo huchomelewa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Fundi alimaliza upande mmoja wote kwa sababu ndio uliokuwa kivulini. Kona kwa kona ya futi 8 kwa 4 inatakiwa kuwa futi 8 na inchi 11 na kitu, pande zote mbili. Yetu ilisoma futi 9 na inchi 1 huku, futi 8 na inchi 9 na nusu kule. Tukaifunga kwenye mwembe, vijana sita wakaivuta kwa kamba ya nanga hadi fundi akasema basi. Mwembe ulidondosha maembe mabichi, watoto wakaokota, chumvi na pilipili zikiwa tayari mfukoni. Inaonekana walikuwa wameshapanga.

Wakati huo mtaa ulishagawanyika. Mwenye maandazi na jeneza lake. Wengine: banda la chipsi. Mzee mmoja wa msikitini alinivuta kando baada ya swala ya alasiri, akanishika mkono kwa upole mkubwa, akaniambia nikilitoa wakfu kubebea maiti, dua zangu zitakuwa nyingi. Nikamwambia ni la kulalia. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, sote tutalala."

Ugomvi wenyewe ulikuja kwenye ekseli. Niliipata kwa wauza skrepa, ya nyuma ya Starlet, ikiwa na matairi mawili ambayo hayakuwahi kufahamiana. Kanuni ya tela ni kwamba ekseli hukaa nyuma kidogo ya katikati, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie gari linalovuta. Ukiupeleka uzito nyuma, tela huanza kutikisa mkia, na mkia ndio unaoliendesha gari. Nilimweleza fundi yote haya. Yeye alitaka katikati kabisa.

"Mizani, bwana, mizani!"

Nahodha mstaafu wa jirani, ambaye huja chini ya mwembe ule kunywa kahawa na kukosoa, akatia neno: "Chombo kikilemewa tezi, huko nyuma, omo ya mbele hupaa. Mimi nimeyaona hayo kwa macho, njia ya Pemba."

"Hilo ni jahazi," fundi akasema. "Tela halina bahari."

Ukweli ni kwamba mtambuko wa katikati ulikuwa tayari umeshachomelewa, na kuisogeza ekseli kulihitaji bomba la tatu. Nikaenda kuswali Ijumaa. Niliporudi, ekseli iko katikati, na rangi ya kuzuia kutu imeshapakwa mpaka kwenye miguu ya mwembe.

Hapo kijumba bado, mbao za muda tu juu ya fremu. Ndipo shemeji yangu akaja mbio, khanga imemteleza begani. Kuna harusi Tongoni, kule kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kilomita kama 17 kutoka mjini kwa njia ya Pangani. Chakula cha upande wa bwana harusi kilipikwa Ngamiani kwa kuwa mpishi haamini kuni za mtu mwingine, na kirikuu iliyokodiwa imegoma kuingia gia.

"Shemeji, hilo dude lako latembea?"

Ungejibuje? Mume wake ana Mark II yenye goroli ya kuvutia nyuma. Tukafunga. Mimi nikasisitiza mnyororo wa akiba kutoka kwenye tela hadi kwenye gari, wakanicheka. Nitarudi kwenye mnyororo huo. Kupakia kulisimamiwa na kina mama. Wakaamua sufuria ya pilau na ya mchuzi wa mbuzi zikae nyuma kabisa, kwa hoja kwamba ndizo zitakazoteremshwa kwanza. Mbele wakaweka mito, mikeka, na kapu la maua ya asumini. Nahodha, ambaye naye alialikwa, aliangalia, akafungua mdomo, akatazamwa na wanawake saba, akaufunga.

Tela lilitikisa mkia tangu Tanga mjini. Trafiki akatusimamisha, akalizunguka tela polepole.

"Hiki kimesajiliwa kama nini?"

"Kama pilau, afande," shemeji akajibu dirishani.

Alijitahidi asicheke. Akatuambia twende kilomita 20 kwa saa, taa za hatari ziwake, na kuanzia kesho asilione tena barabarani bila namba. Mwendo huo ulitufaa hadi tulipoacha barabara kubwa.

Njia ya kuingia kwa wenyewe ni mchanga, nayo inapanda kidogo. Mark II husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye kile kipando masufuria yakateleza nyuma kama shibiri, tela likachuchumaa, mkono ukanyanyuka, na gari likanyanyuliwa matako. Magurudumu yakawa yanachapa mchanga bila kushika. Mume wa shemeji akaongeza mafuta. Ile pingili ya kufungia goroli, nayo ya skrepa, ikaachia.

Sasa, wenyeji walikuwa wamejipanga njiani kutupokea. Dufu zinapigwa, vigelegele vinakwenda. Mkono wa tela ukapaa juu, mbao zikageuka mteremko, na sufuria ya pilau ikashuka taratibu, kwa heshima zake, ikakaa mchangani wima na kifuniko kichwani. Vigelegele vikaongezeka. Ikafuata ya mchuzi. Hii haikuwa na heshima. Ililala ubavu, ikamwendea baba wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama na kanzu nyeupe na chetezo cha udi, ikamfikia magotini. Mito ikateremka baada yake, ikamzunguka. Wapiga dufu hawakukosa pigo hata moja. Nadhani walidhani ndivyo tunavyofanya mjini.

Mnyororo ulikaza, tela halikwenda popote. Hakuna aliyenishukuru.

"Mzigo mbele!" Nahodha alikuwa amesubiri muda mrefu kulisema hilo. Lakini tulipoirudisha pilau juu, sufuria ile haikukubali kusogea mbele kupita nusu ya mbao, na mkono ukabaki unaelea. Ndipo somo wa bibi harusi akatokea, mwanamke wa haiba, mkoba wa kwapani, akatazama hali, akaambiwa tatizo.

"Yaani nikae hapo?"

"Kidogo tu, Somo."

"Mie si jiwe la mizani," akasema, na akakaa.

Tela likatulia papo hapo. Mzigo wote haukupungua kilo 400, kwa hiyo mbele palitakiwa kilo 40 hadi 60. Somo alizidi, na hakuna aliyethubutu kulisema. Vijana wakasukuma kwa mikono, yeye ameketi upandeupande, dufu mbele, na ndivyo pilau ilivyoingia uani. Bibi harusi alipotoka baadaye, watu walikuwa bado wanamzungumzia Somo.

Fundi amekata ekseli na kuirudisha nyuma, kwa bomba la tatu. Bomba lile hakulinunua yeye wala mimi. Lilinunuliwa na kikundi cha kina mama cha mtaani, ambacho pia kimelipia usajili, na kadi imeandikwa jina la shemeji. Wiki hii tela liko Muheza, limefuata machungwa. Nilipouliza juu ya Pangani, shemeji alifungua daftari, akalamba kidole, akageuza kurasa kadhaa.

"Kuna harusi tatu mbele yako," akasema. "Na ukilala ndani, waniachia dhamana ya godoro."