Ukitaka ardhi yako itambuliwe, fyeka

Mwaka jana, ndani ndani huko Lindi, nilimkuta mzee mmoja akipanda mikorosho katikati ya miombo. Majivu yalikuwa bado hayajasombwa na mvua. Miche kama ishirini ilisimama mstari mmoja, na pembeni palikuwa na kisiki cha mninga kilichokatwa usawa wa goti, kinatoa ule utomvu wake mwekundu kama damu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza mbona amekuja kulima mbali hivyo na nyumbani.

"Mwanangu, nisipopanda mimi, watasema hili ni pori tu. Atapewa mwingine."

Tangu siku hiyo kila nikisikia wanakijiji wanalaumiwa kwa tamaa na ujinga, roho inaniuma. Mzee yule hakuwa na njaa ya shamba. Mikorosho mingine anayo karibu na nyumba. Alikuwa anaandika hati yake kwa panga, kwa sababu nyingine hana.

Na sheria inampa sababu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Vizuri. Lakini pacha wake, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, yaani ile iliyo chini ya serikali kuu na si ya kijiji, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa msitu unakaliwa na nani? Bibi anayechuma uyoga, mganga anayechimba mizizi, mrina asali mwenye mizinga yake juu ya miti, wote wanautumia, ila matumizi yao hayaonekani kwa mtu anayepita na gari. Shamba linaonekana. Basi anayeuacha msitu usimame ndiye anayehatarisha haki yake, na anayeufyeka ndiye anayejihakikishia. Hapo ndipo penye kidonda, na semina za kupanda miti hazitakiponya.

Babati walishalijua hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Mipaka ilipoanza kuwekwa, watu waliingia kukata kwa pupa, maana kitu kinachokuponyoka unachukua unachoweza. Kufikia mwaka 1994 mambo yaligeuzwa: vijiji vinane vikaachiwa msitu, kila kimoja na sehemu yake. Wakatunga sheria ndogo, wakateua walinzi miongoni mwao, wakazuia mkaa na mashamba ndani ya msitu. Walikuwa watu walewale wenye mapanga yaleyale. Kilichobadilika ni jibu la swali la msitu huu ni wa nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuwapa njia hiyo vijiji vya nchi nzima.

Wahadzabe wa Bonde la Yaeda ndio mfano unaonigusa zaidi. Watu wanaoishi kwa kuwinda, asali na mizizi, wasiolima, wangethibitishaje kwamba nchi yao inatumika? Mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, kwa jina la jamii nzima, bila kung'oa mti hata mmoja.

Najua karatasi peke yake haitoshi. Kule Kilwa vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi vinauza mpingo na fedha zinabaki kijijini, ndiyo maana mtu hawezi kuufanya msitu shamba la bibi bila jirani kupiga kelele. Hati na mapato lazima viende pamoja. Ila karatasi ndiyo ya kwanza. Yale maneno ya "isiyokaliwa au isiyotumika" yafutwe, na gharama za kupima mipaka na kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi zisiachiwe kijiji ambacho hata ofisi ya mtendaji imeezuliwa na upepo.

Nilimuuliza yule mzee kama kijiji chao kimepimwa. Akasema wapimaji walikuja mara moja, wakagombana na kijiji jirani kuhusu mto upi ndio mpaka, wakaondoka wakiahidi kurudi baada ya masika. Hakukumbuka ni masika ya mwaka gani. Akainama, akachimba shimo la mche mwingine.